Mwonekano wa monita

Mwonekano wa monita ni idadi ya pikseli zinazounda picha kwenye skrini ya kompyuta. Hutajwa kwa upana na kimo, kwa mfano 1920×1080 au 2560×1440. Pikseli ni nukta ndogo kabisa ya picha ambayo kompyuta inaweza kuipa rangi yake peke yake. Kadiri nukta hizo zinavyokuwa nyingi katika eneo lilelile, ndivyo kingo za herufi zinavyokuwa laini na picha zinavyoonyesha vitu vidogo zaidi.

Wanunuzi wengi huchukulia kwamba mwonekano mkubwa ni bora siku zote. Lakini namba hiyo peke yake haisemi mengi mpaka yajulikane mambo matatu: ukubwa wa skrini, umbali wa macho ya mtumiaji, na nguvu ya kompyuta itakayoiendesha monita. Monita ya 4K iliyounganishwa na kompyuta isiyoimudu huweza kuonyesha picha mbaya kuliko monita iliyogharimu nusu yake. Tena monita kwa kawaida hudumu mezani kuliko kompyuta yenyewe, hivyo anayekosea kuchagua huishi na kosa hilo kwa miaka.

Majina na hesabu

Monita nyingi za siku hizi zina uwiano wa upana na kimo wa 16:9. Miongoni mwake, zinazouzwa zaidi ni za aina tatu: 1920×1080 inayoitwa Full HD au 1080p, 2560×1440 inayoitwa QHD au 1440p, na 3840×2160 inayoitwa UHD au 4K. Namba kama 1080 ni idadi ya mistari ya pikseli kutoka juu hadi chini. Herufi p huonyesha kwamba mistari yote huchorwa katika kila picha, tofauti na televisheni za zamani zilizochora nusu ya mistari kwa zamu.

Full HD ina pikseli 2,073,600. QHD ina pikseli 3,686,400, yaani karibu mara 1.8 ya Full HD. UHD ina pikseli 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili ya Full HD na mara 2.25 ya QHD. Kwa hiyo hatua hizi mbili hazilingani hata kidogo: kutoka Full HD kwenda QHD huongezeka pikseli milioni 1.6, lakini kutoka QHD kwenda UHD huongezeka milioni 4.6. Mtu anayeona namba 1080, 1440 na 2160 kwenye tangazo anaweza kudhani ngazi hizo zinakaribiana. Kompyuta inayolazimika kuzichora pikseli hizo haioni hivyo.

Majina ya madukani huchanganya. Neno 4K lilitoka katika sinema, ambako viwango vilivyotolewa na Digital Cinema Initiatives mwaka 2005 vilitaja 4096×2160. Watengenezaji wa televisheni na monita wakalichukua jina hilo kwa 3840×2160. Vivyo hivyo wauzaji wengi huita QHD "2K", ingawa 2K ya sinema ni 2048×1080, ambayo inakaribia Full HD. Wengine huita Full HD yenyewe 2K. Ni salama zaidi kusoma namba zote mbili, ya upana na ya kimo, kuliko kutegemea jina lililo kwenye boksi.

Zipo pia monita pana zenye uwiano unaokaribia 21:9. Iliyozoeleka zaidi ni ya inchi 34 yenye 3440×1440. Kimo chake ni karibu sawa na cha monita ya inchi 27 ya QHD, ila imeongezwa upana, na jumla yake ni pikseli 4,953,600.

Historia

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 iliweza kuunganishwa na kadi ya CGA, ambayo ilionyesha 320×200 kwa rangi nne au 640×200 kwa rangi mbili. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na skrini ya inchi 9 yenye 512×342, nyeusi na nyeupe. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 pamoja na kiwango cha VGA, chenye 640×480. Jina la VGA limebaki hadi leo kwa tundu la rangi ya buluu lenye pini 15, ambalo bado linaonekana nyuma ya projekta na kompyuta za ofisini.

Monita za zamani za tyubu hazikuwa na pikseli zisizobadilika. Ziliweza kupokea miwonekano kadhaa na zote zikaonekana vizuri. Skrini bapa za LCD zilibadilisha jambo hilo. LCD ina idadi moja tu ya pikseli, iliyowekwa kiwandani, na picha yoyote isiyolingana nayo lazima ivutwe ili iijaze skrini. Mwonekano huo wa kiwandani huitwa mwonekano asilia.

Teknolojia ya skrini zenye pikseli nyingi sana ilikuwapo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Monita ya IBM T220 ya mwaka 2001 ilikuwa na 3840×2400 kwenye inchi 22.2, lakini bei yake ilikuwa ya hospitali na maabara, si ya nyumbani. Kwa watu wa kawaida, QHD ilijulikana zaidi baada ya Apple kutoa iMac ya inchi 27 mwishoni mwa mwaka 2009. Mwaka 2012 Apple ilitoa kompyuta mpakato yenye 2880×1800, na mwaka 2014 iMac yenye 5120×2880.

Kwa upande wa michezo ya video, monita ya ASUS PG278Q ya mwaka 2014 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganisha QHD na kasi ya hezi 144. Mwaka huohuo zilitokea monita za kwanza za 4K za bei ya kadiri, lakini baadhi yake, kama Dell P2815Q, zilifikia hezi 30 tu kwa mwonekano wake kamili. Picha zilikuwa kali, ila kishale cha kipanya kilitembea kwa kurukaruka, na wengi waliozinunua kwa ajili ya kazi za kila siku walichoka nazo.

Ukubwa wa skrini na umbali wa macho

Inchi za monita hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Ukigawanya idadi ya pikseli zilizo kwenye mstari huo kwa inchi zake, unapata msongamano wa pikseli kwa inchi moja. Namba hii ndiyo inayoeleza ukali wa picha, kuliko mwonekano peke yake.

Monita ya inchi 24 ya Full HD ina takriban pikseli 92 kwa inchi. Full HD hiyohiyo ikitandazwa kwenye inchi 27, msongamano hushuka hadi takriban 82, na herufi ndogo huanza kuonyesha vijipembe. Ndiyo maana mtu anayehama kutoka inchi 24 kwenda inchi 27 bila kubadili mwonekano mara nyingi husema monita mpya "ina ukungu", ingawa haina kasoro yoyote. Inchi 27 ya QHD ina takriban pikseli 109 kwa inchi. Inchi 32 ya QHD hurudi kwenye 92, sawasawa na ile ya inchi 24 ya Full HD: unapata nafasi zaidi, lakini huongezi ukali. Kwa UHD, inchi 27 ina takriban 163 na inchi 32 takriban 138.

Je, jicho linahitaji ngapi? Kipimo kinachotumiwa na madaktari wa macho ni kwamba mtu mwenye macho mazuri hutofautisha vitu viwili vilivyotengana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa hesabu hiyo, pikseli za monita ya inchi 27 ya Full HD huacha kutofautishwa pale macho yanapokuwa umbali wa takriban sentimita 107. Kwa inchi 24 ya Full HD ni sentimita 95, kwa inchi 27 ya QHD ni sentimita 80, na kwa inchi 27 ya UHD ni sentimita 53. Mtu anayekaa kwenye meza ya kawaida huwa na macho yake kati ya sentimita 50 na 80 kutoka kwenye skrini. Hivyo Full HD kwenye inchi 27 iko mbali na mpaka huo, QHD iko karibu nao, na UHD imeshauvuka katika mikao karibu yote.

Hesabu hiyo si sheria ya mwisho. Jicho huweza kugundua mkato katika mstari mwembamba hata pale lisipoweza kutenganisha nukta mbili, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huona tofauti kati ya QHD na UHD wakiwa mbali kidogo kuliko hesabu inavyosema. Wasomaji wa maandishi mengi, kama wahariri, waandishi wa programu na mawakili, ndio huiona haraka. Katika mchezo wa video wenye mwendo, tofauti hiyo hujificha. Kwa upande mwingine, mtu ambaye macho yake yanahitaji miwani na hajaipata hatasaidiwa na monita ya aina yoyote.

Kuna faida nyingine isiyohusu ukali, nayo ni nafasi ya kazi. QHD huonyesha theluthi moja zaidi ya mistari na theluthi moja zaidi ya safu kuliko Full HD. Kwa mhasibu mwenye jedwali refu la Excel, au mwanafunzi anayefungua kitabu upande mmoja na daftari upande mwingine, nafasi hiyo huonekana siku ya kwanza.

Ukuzaji wa maandishi

Skrini ikiwa na pikseli zilizobanana sana, vitufe na herufi hupungua hadi kutosomeka, kwa sababu programu nyingi zilitengenezwa kwa kudhani kuwa kila inchi ina pikseli 96 au karibu na hapo. Kipimo hicho ndicho Windows imekitumia kwa miaka mingi. Suluhisho ni mfumo wa uendeshaji kukuza kila kitu kwa asilimia fulani.

Kwenye inchi 27 ya QHD, watu wengi hutumia Windows bila kukuza chochote. Kwenye inchi 27 ya UHD wengi huchagua asilimia 150, na matokeo yake ni nafasi ya kazi ileile ya 2560×1440, ila kwa herufi zilizo kali zaidi. Wakichagua asilimia 200, nafasi inarudi kuwa ya 1920×1080. Jambo hili huwashangaza wanunuzi waliotarajia kwamba 4K ingewapa nafasi mara nne. Anayetaka nafasi hasa, na si ukali, anahitaji skrini kubwa zaidi au monita mbili.

Programu mpya hukuzwa bila shida. Programu za zamani, hasa zile za uhasibu na za mashine zilizoandikwa miaka mingi iliyopita, huvutwa kama picha na kuwa na ukungu, au hubaki na vitufe vidogo mno. Kwa ofisi inayotegemea programu moja ya namna hiyo, ni busara kuijaribu kwanza kwenye skrini ya 4K kabla ya kununua monita kumi.

Watumiaji wa macOS wana hali tofauti. Apple hutengeneza skrini zake za mezani kwa msongamano wa takriban 110 au 220, na mfumo wake hufanya kazi vizuri zaidi karibu na namba hizo. Toleo la Mojave la mwaka 2018 liliondoa njia ya kulainisha herufi kwa kutumia vijisehemu vya rangi vya pikseli, na tangu hapo maandishi kwenye monita zenye msongamano mdogo yamekuwa yakionekana hafifu zaidi kuliko kwenye Windows.

Michezo ya video

Kwa kazi za ofisi, mwonekano mkubwa hauigharimu kompyuta kitu kikubwa. Ukurasa wa barua haubadiliki mpaka mtu aandike neno. Mchezo wa video ni jambo jingine. Kadi ya grafiki huchora picha nzima upya mara nyingi katika kila sekunde, na kila picha kamili huitwa fremu. Ili kufikia fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7, kwa fremu 144, ndani ya milisekunde 6.9. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kila pikseli, kwa hiyo pikseli zikiwa mara nne, kazi nayo hukaribia kuwa mara nne. Kadi inayotoa fremu 120 kwa Full HD katika mchezo mzito huweza kushuka hadi kati ya 30 na 40 kwa UHD. Hushuka kidogo zaidi pale ambapo kilichokuwa kinachelewesha tangu mwanzo ni prosesa na si kadi, maana kazi ya prosesa haiongezeki sana mwonekano ukiongezeka.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Monita ya 4K hununuliwa mara moja, lakini huleta deni la kununua kadi ya grafiki inayoifaa, na baada ya miaka michache nyingine tena, kwani michezo mipya huwa mizito zaidi ya ile ya zamani. Kumbukumbu ya kadi nayo huhesabiwa: michezo mikubwa ya miaka ya karibuni huweza kuijaza kadi ya gigabaiti 8 ikichezwa kwa UHD pamoja na picha zake bora kabisa, na ikijaa, mchezo hukwama kwa ghafla hata kama kadi yenyewe ina kasi.

Mtu anaweza kusema: nitapunguza mwonekano ndani ya mchezo. Inawezekana, lakini skrini ya LCD hailipokei jambo hilo kwa usawa. Picha ya Full HD kwenye monita ya QHD hulazimika kunyoosha kila pikseli moja ifunike pikseli moja na theluthi, jambo lisilowezekana bila kuchanganya rangi za jirani, na picha huwa na ukungu kuliko ingekuwa kwenye monita halisi ya Full HD. Kwenye monita ya UHD, pikseli moja ya Full HD hufunika mraba kamili wa pikseli nne, mbili kwa mbili. Hata hivyo monita nyingi bado huilainisha picha hiyo bila kuulizwa. Tangu mwaka 2019 watengenezaji wa kadi za grafiki wameweka chaguo la kuzuia ulainishaji huo katika kadi zao mpya.

Njia iliyopunguza tatizo zaidi ni programu zinazochora mchezo kwa mwonekano mdogo na kisha kukisia pikseli zilizokosekana. Nvidia ilianza na DLSS mwaka 2018, AMD ikafuata na FSR mwaka 2021, na Intel na XeSS mwaka 2022. Kwa mfano, DLSS ikiwekwa kwenye hali ya ubora na monita ikiwa ya UHD, mchezo huchorwa kwa 2560×1440 tu. Mbinu hizi hufanya vizuri zaidi pale zinapokuwa na pikseli nyingi za kuanzia, kwa hiyo huisaidia monita ya 4K kuliko ya Full HD. Lakini si kila mchezo unazo, na nyaya nyembamba, nyasi na nywele huweza kumetameta.

Wachezaji wa mashindano huchagua kinyume cha wengine. Katika michezo kama Counter-Strike, wengi wao hutumia monita za takriban inchi 24 za Full HD zenye kasi ya hezi 240, 360 au zaidi, na baadhi hushusha mwonekano hadi 1280×960 kwa hiari yao. Kwao, kumwona adui milisekunde chache mapema kuna thamani kuliko uzuri wa majani ya mti. Kasi ya kuhuisha picha, inayopimwa kwa hezi, ni mara ngapi monita hubadilisha picha katika sekunde moja; tofauti kati ya hezi 60 na 144 huonekana hata kwa mtu anayesogeza dirisha la barua pepe, lakini kati ya 240 na 360 wengi hawaioni.

Kwa mtu mmoja mwenye meza moja, anayefanya kazi mchana na kucheza jioni, na mwenye kadi ya grafiki ya daraja la kati, monita ya inchi 27 ya QHD yenye hezi 144 au zaidi ndiyo mizani inayokubalika na wengi. Ongezeko la kazi kwa kadi ni dogo kuliko la UHD, msongamano wa 109 unatosha bila kukuza maandishi, na kasi ya skrini inatumika kweli. UHD humfaa zaidi mtu ambaye saa zake nyingi ni za kusoma, kupanga picha au kuhariri video, na michezo anayocheza ni ya taratibu. Kipengele cha kulinganisha kasi ya monita na kasi ya kadi kwa kila fremu, kama G-Sync na FreeSync, kinafaa kutafutwa katika hali zote mbili, kwa sababu huondoa mpasuko wa picha fremu zinapopungua.

Wenye konsoli wana jambo la ziada la kuangalia. PlayStation 4 haitoi 1440p kabisa; ikiunganishwa na monita ya QHD hutuma Full HD na picha huvutwa. PlayStation 5 ilitoka mwaka 2020 bila 1440p na ikaipata kwa sasisho la programu la Septemba 2022.

Aina za paneli hazihusiani na mwonekano, ila huathiri matokeo yake. IPS hutoa rangi thabiti hata ukitazama kutoka pembeni. VA hutoa weusi mzito zaidi, lakini nyingi huacha kivuli nyuma ya vitu vyeusi vinavyotembea. TN ni ya bei nafuu na rangi zake hubadilika ukiinamisha kichwa. OLED huzima kila pikseli peke yake, hivyo weusi wake ni kamili, lakini mpangilio wa vijisehemu vyake vya rangi huweza kuacha ukingo wa rangi kwenye herufi, na picha isiyosogea kwa muda mrefu huweza kuacha alama ya kudumu.

Kebo na matundu

Monita nzuri huweza kuharibiwa na kebo au tundu lisiloiweza. UHD kwa hezi 60, kwa rangi za kawaida za biti 24, huhitaji kupitisha takriban gigabiti 12 za picha kila sekunde. Kwa hezi 144 ni takriban gigabiti 29. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 hupitisha UHD kwa hezi 30 tu. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hufikia hezi 60, na HDMI 2.1 ya mwaka 2017 hufikia hezi 120 na zaidi. DisplayPort 1.2 hutosha kwa UHD ya hezi 60 na QHD ya hezi 144.

Kompyuta nyingi za ofisini zenye prosesa za Intel za katikati ya miaka ya 2010 zina tundu la HDMI la kiwango cha 1.4 na, pembeni yake, tundu la DisplayPort lenye uwezo wa hezi 60. Mtu akichomeka HDMI kwa mazoea, monita yake mpya ya 4K itakwenda kwa hezi 30 na atadhani ameuziwa kitu kibovu, ilhali tundu linalofaa liko sentimita mbili tu kando.

Hata monita za bei kubwa zilibanwa na jambo hili. Monita za kwanza za UHD za hezi 144, zilizotoka mwaka 2018, zilitumia DisplayPort 1.4 na hazikuweza kupitisha rangi zote kwa kasi hiyo. Ili kufika hezi 144 zililazimika kupunguza taarifa za rangi, na maandishi ya rangi yakawa na ukungu. Baadaye mbinu ya kubana data ya picha iitwayo DSC iliwekwa katika monita nyingi na tatizo likaisha. Upande wa HDMI, maneno "HDMI 2.1" kwenye boksi hayatoshi, kwa kuwa kanuni za kiwango hicho zinaruhusu vipengele vyake vikubwa viwe vya hiari. Kinachofaa kutafutwa ni mwonekano na hezi vilivyoandikwa kwa kila tundu katika kijitabu cha monita.

Tundu la VGA hupitisha mawimbi ya analogi, na picha ya QHD kupitia hapo, pale inapowezekana kabisa, huwa haina ukali uliolipiwa.

Televisheni badala ya monita

Televisheni ya 4K ya inchi 43 ina takriban pikseli 102 kwa inchi, karibu sawa na monita ya inchi 27 ya QHD, na mara nyingi bei yake si kubwa. Watu wengi huitumia kama monita, na kwa filamu au konsoli ya sebuleni hakuna ubaya. Mezani kuna mambo mawili ya kuangalia. Televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi, na herufi nyekundu juu ya mandhari nyeusi huonekana kama zimelowa. Inafaa kujaribu maandishi ya namna hiyo kabla ya kulipa. Pili, televisheni huchakata picha kabla ya kuionyesha, na kishale huchelewa kuufuata mkono. Hali ya mchezo kwenye menyu yake hupunguza ucheleweshaji huo kwa kiasi kikubwa.

Monita zilizotumika

Katika miji ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya monita zinazouzwa ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za nje, na Kenya huitwa ex-UK hata zisipotoka Uingereza. Miongoni mwake hupatikana monita za QHD za inchi 27 zilizotengenezwa kwa ajili ya wabunifu na wahandisi, zenye paneli za IPS na stendi imara, kwa bei ya chini kuliko monita mpya. Nyingi huishia hezi 60, kwa hiyo humfaa mtu wa kazi kuliko mchezaji.

Kabla ya kununua, monita iwashwe kwa dakika 20 au zaidi, kwa sababu taa ya nyuma iliyochoka huweza kuanza kumetameta ikipata joto. Ionyeshwe skrini nzima ya rangi moja kwa zamu: nyeupe kwa kutafuta madoa na pikseli zilizokufa, nyeusi kwa kutafuta mwanga unaovuja kwenye kingo, na kijivu kwa kuona kivuli cha menyu iliyokaa hapo miaka mingi. Mwonekano uthibitishwe kwenye mipangilio ya kompyuta na si kwa maneno ya muuzaji, maana muuzaji huweza kusema 2K akimaanisha lolote. Matundu nayo yakaguliwe moja moja kwa kebo. Monita za kwanza za QHD zilikuwa na DVI ya njia mbili na DisplayPort, na HDMI ya baadhi yake haivuki Full HD. Kompyuta mpakato yenye HDMI peke yake ikiunganishwa nazo haitapata zile pikseli milioni 3.7 hata kama zipo kwenye kioo.